Mbona Chumba Changu Ni Tanuri? Maswali Yenu ya Ujenzi Mwezi Huu

Barua za mwezi huu karibu zote zalia joto, na si ajabu, ni Machi, kaskazi imelegea na kusi haijashika, ndiyo tangambili hiyo, hata paka wa Mji wa Kale wamelala chini ya meza za wauza samaki na hawashtuki ukirusha kichwa cha samaki. Nimechagua tano. Kama yako haimo usinune, ama ilifanana na ya mwenzio ama hukusema nyumba yako yaelekea wapi, na mimi bila kujua mlango waangalia wapi siwezi kukujibu, ni sawa na kumuuliza daktari dawa bila kumwambia paumwapo.

Assalaam alaikum fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tumehamia nyumba yetu Kiembeni mwaka jana baada ya kupanga miaka mingi. Nyumba nzuri mashallah, mabati ya rangi ya makaa, silingi ya gipsamu na taa za kuzama, madirisha makubwa ya aluminiamu. Lakini usiku vyumbani hakulaliki, watoto wana harara, AC tumeweka mbili na tokeni za stima zaisha kama maji. Nikienda kwa mamangu Majengo, nyumba kuukuu ya vyumba sita, nalala usingizi mzito bila hata panka. Nyumba yangu ina nini?

Wa alaikum salaam dadangu. Kwanza hongera, kujenga Mombasa hii si mchezo. Nyumba yako haina jini, ina mambo manne yaliyofanywa na mtu aliyekuwa akitazama picha kwenye simu na hakutoka nje hata siku moja kutazama jua.

Tuanze na juu. Mabati meusi saa nane mchana yachoma mkono, na joto lile lashuka kwenye nafasi iliyo kati ya mabati na silingi, na kwa kuwa mumeziba pembe zote kwa fashabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, isiyo na tundu hata la kupita panya basi halina pa kutokea, lajaa mle. Gipsamu yenyewe nyembamba kama biskuti, ikishapata moto yawamulika vichwani mpaka usiku wa manane. Sasa ukienda tena kwa mama, kaa kitako ukumbini uangalie juu. Utaona kuta za vyumba hazikufika kwenye mabati, pameachwa mwanya, joto lapanda lajitokea zake. Huo ndio usingizi wako. Mwite fundi atoboe matundu chini ya mapaa, pande mbili zinazoangaliana, atie wavu wa popo, halafu mabati yapigwe rangi nyeupe. Najua mumeo atasema nyeupe haina swaga. Mwonyeshe risiti za tokeni. Na siku mkibahatika kuyavua mabati, tandikeni chini yake ile karatasi ya kung'aa kama fedha, upande wa kung'aa uangalie nafasi tupu, usigandane na kitu.

La pili madirisha. Dirisha la kuteleza hata uliponunua la futi sita unapata futi tatu za upepo, nusu yake daima ni kioo. Na chumba chenye dirisha upande mmoja tu upepo hauingii, manake upepo ni kama mgeni mwerevu, hauingii pahali hauoni pa kutokea. Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe leo usiku: funga panka na AC, fungua dirisha, weka chetezo chini yake utie ubani kidogo, uzime taa na umulike tochi. Kama moshi wapanda wima wafika silingi wajikunja hapo, chumba kimekufa. Sasa fungua mlango wa chumba na dirisha la upande wa pili wa nyumba, utauona moshi walala, waelekea mlangoni kama umeitwa. Nimelifanya jambo hili kwa wateja wengi na kila mara mtu hunyamaza kidogo. Ukishaona moshi wakwama wapi ndipo unapopasua: kidirisha juu ya mlango, chenye luva za mbao, kama walivyokuwa wakiweka wazee, na mlango ukifungwa kwa staha ya watu upepo wapita juu.

La tatu, chumba chenu kikubwa kiko magharibi, umeandika kwamba jioni jua laingia mpaka kitandani. Hapo siwezi kukucheka kwa sababu na mimi nilifanya kosa hilo hilo. Nyumba yangu ya kwanza, Kisauni, nilikiweka chumba cha kulala magharibi ati nione mkono wa bahari unaoingia Tudor, mandhari safi sana, na kwa miaka sita nikalala sebuleni kwenye mkeka. Sisi tuko kama digrii 4 kusini ya ikweta. Jua la adhuhuri mwezi wa Juni lapita upande wa kaskazini, Disemba lapita upande wa kusini, na mara zote liko juu, kwa hiyo kuta hizo mbili paa likitokeza futi tatu au nne zapata kivuli. Lakini mashariki na magharibi jua laja chini chini mwaka mzima na hakuna kibaraza cha kulizuia. Bahati ya Mombasa ni kwamba jua na upepo wamekubaliana: kaskazi yatoka kaskazini mashariki kuanzia kama Disemba mpaka Machi, kusi yashika Aprili yaenda mpaka Septemba au Oktoba ikitoka kusini na kusini mashariki. Nyumba ndefu iliyonyooka mashariki kwa magharibi, madirisha yake kusini na kaskazini, yapata kivuli na upepo kwa pamoja, bure. Wewe ushajenga, huwezi kuizungusha, basi panda mwarobaini upande ule wa magharibi, wakua haraka na hautaki kubembelezwa, na kabla haujakua weka chiki, mapazia ya miwaa ya kukunja, nje ya kioo. Nje nasema. Pazia la ndani lasubiri joto liingie kwanza.

Na huo ukuta wa uwanja wa futi nane nimeuona kwenye picha uliyotuma. Mwizi hauzuii sana, wazuia upepo. Safu tatu za juu zibadilishwe ziwe tofali za matundu.

Baada ya hayo yote, panka la juu. Panka ni wati 60 ama 70, AC ya kawaida ya chumba yakaribia wati 1,000, na hewa ikikupitia mwilini kwa mwendo wa mtu anayetembea pole pole mwili wahisi kama nyuzi 2 au 3 zimepungua, manake jasho lakauka. Sikukatazi AC. Moja chumba cha mtoto mwenye harara, sawa. Lakini sasa hivi mumenunua AC ya kupoza mabati.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, naishi Tudor. Kwa projekti yangu ya mwisho nataka kuchora ofisi ya ghorofa saba hapa Mombasa inayojipoza kama kichuguu cha mchwa, ile ya Harare. Pia tumeambiwa tueleze nadharia yetu. Kusema kweli nadharia naona ni maneno tu ya kupitia mtihani. Unaonaje?

Marahaba mwanangu. Umeniuliza kuhusu mchwa na nadharia ukidhani ni maswali mawili.

Jengo unalolisema ni Eastgate Centre la Harare, Zimbabwe, la msanifu Mick Pearce, lilifunguliwa 1996, na ni kazi ya kuvuliwa kofia. Siri yake ni hii: zege na kuta nzito zanyonya joto mchana, usiku mapanka yavuta hewa ya baridi yapitisha kwenye mifereji ya sakafu, jengo lalala likiamka limepoa. Sasa soma tena neno moja hapo, usiku. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa kavu, usiku wataka sweta. Wewe uko Tudor. Lini mara ya mwisho ulivaa sweta usiku? Hapa saa tisa za usiku bado nyuzi 24 au 25 na hewa yote maji matupu, ukiivuta hiyo usiku kucha kwenye zege lako utapata zege lenye ukungu. Mchwa wa Harare walijibu swali la Harare.

Na hilo ndilo nadharia, si kingine. Vitruvius yule msanifu Mrumi, karne ya kwanza kabla ya Masihi, ndiye wa zile sifa tatu za jengo mnazokaririshwa, uimara, manufaa na uzuri, lakini walimu husahau kuwaambia kwamba huyo huyo aliandika nyumba ya Misri isijengwe kama ya Roma kwa sababu jua lake si moja. Ukija karibu, 1983 Kenneth Frampton, mwandishi wa usanifu, aliandika kuhusu ujenzi unaoshika pahali pake, mwanga wake, upepo wake, ardhi yake, na adui mkubwa aliyemtaja alikuwa nani? AC. Akili yake ilikuwa kwamba dirisha likishafungwa kwa msumari na baridi ikatoka kwenye mashine, jengo halijui tena liko mji gani. Pita barabara kuu za mji huu uhesabu vioo uniambie kama alikosea.

Tahadhari moja lakini. Watu wakisikia habari hii wadhani dawa ni kubandika. Sanduku la kioo, mbele mlango wa nakshi wa Lamu na matao mawili, wakaita usanifu wa Kiswahili. Hiyo ni kulivisha friji kanzu. Hassan Fathy, msanifu wa Misri, ambaye namheshimu mno, alijenga kijiji cha New Gourna karibu na Luxor miaka ya 1940, udongo, kuba, nyua za ndani, baridi tupu, na wenyeji wengi wakakataa kuhamia. Riziki yao ilikuwa kule kule kwenye makaburi ya kale walikotakiwa wahame, na zile kuba machoni mwao zilikuwa za kufunikia maiti. Sasa kama Fathy hakuuliza ya kutosha, wewe na mimi tuulize mara mbili.

Kitu cha kuazima kipo. Mtazame msanifu Francis Kéré, shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, 2001, kabla hajapata Pritzker, ile tuzo kubwa ya wasanifu, 2022. Mabati ameyainua juu juu, mbali na dari ya matofali ya udongo, katikati upepo wapita wabeba joto. Hilo Mombasa lafanya kazi, manake lataka kivuli na upepo tu, halitaki usiku wa baridi. Ofisi yako ya ghorofa saba iwe nyembamba, mtu yeyote akae karibu na dirisha, kuta za magharibi uweke ngazi na vyoo na lifti vichomeke huko, paa mbili, luva. Ukimaliza kuchora hivyo nadharia yako utakuwa ushaiandika.

Fundi, mimi ni mzee wa Kibokoni, nyumba ya marehemu babangu, ya mawe na chokaa, boriti juu. Miaka mitatu nyuma vijana walinishauri tuipige plasta ya simiti na rangi ya mafuta chini ipate kudumu. Sasa ukuta watoka malengelenge, rangi yavuka kama ngozi ya nyoka, na chumba chanuka unyevu kuliko zamani. Fundi mwingine asema tuvunje boriti tumwage slabu ya zege. Nifanyeje?

Shikamoo mzee wangu. Nakuomba kwanza huyo wa slabu umpe chai, umshukuru, umsindikize mpaka barabarani.

Nyumba moja hapo hapo mitaa yenu nilikwenda kuitazama, tatizo lako lile lile. Nilipogonga plasta kwa kifundo cha kidole ililia kama ngoma, tupu ndani. Nikapenyeza bisibisi, kikaanguka kipande kipana kama sinia, na nyuma yake ukuta umeota manyoya meupe laini kama unga. Nikaweka kidole ulimini. Chumvi.

Mambo yako hivi. Jiwe la tumbawe lina vitundu, lanyonya maji ya ardhini, na ardhi ya kisiwa chetu ina chumvi. Chokaa nayo yapumua, maji yapanda kidogo yatoka ukutani yakauka, ukuta wabaki salama miaka na miaka. Fort Jesus ilianzwa 1593 kwa mawe hayo na chokaa hiyo, na simiti ya Portland yenyewe ilikuja kusajiliwa Uingereza 1824, kwa hiyo zile kuta hazikuwahi kuisubiri. Ukiupiga simiti ukuta kama huo umemvisha mtu koti la plastiki Februari. Maji hayatoki, yapanda juu zaidi yakitafuta njia, na chumvi yaganda nyuma ya plasta, ikiganda yavimba, yasukuma. Hayo ndiyo malengelenge yako. Vijana hawakuwa na nia mbaya, wamefundishwa kitu kimoja wakidhani kila ukuta ni ule mmoja.

Tiba ni ya subira. Simiti yote ivunjwe pole pole, kwa patasi na nyundo ndogo, msilete ile mashine ya kutetemesha mtaa. Ukuta uachwe uchi miezi kadhaa, madirisha wazi, chumvi ikitokea ipigwe brashi kavu isioshwe kwa maji maana maji yairudisha ndani. Halafu plasta ya chokaa iliyozimwa ikakaa kwenye maji wiki nyingi mpaka ikawa kama siagi, na mchanga ulioshwa, si wa pwani, mzee wangu, mchanga wa pwani ni kurudi pale pale. Tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ifunikwe gunia bichi isikauke kwa pupa, maana chokaa haigandi kwa kukauka kama matope, yaganda kwa kuvuta taratibu ile hewa ya kaboni iliyoipoteza tanurini. Juu yake chokaa ya kupaka, hakuna mafuta. Kabla ya kugusa kitu ipitie ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale, ya Makumbusho, wana maneno mengi kidogo lakini wawajua mafundi wa chokaa ambao wamebaki wachache.

Boriti huoza panapoingia ukutani, penye uvujaji. Choma ncha zake kwa kisu moja moja, kama kisu chaingia kama kwenye ndizi hiyo ibadilishwe, zilizobaki ziacheni. Slabu ni mzigo ambao kuta zile hazikuahidiwa. Na watoto wako wakikwambia nyumba ya kisasa ndiyo rafiki wa mazingira waulize ile yako ishakaa muda gani bila kuchomewa tena hata gunia moja la chokaa.

Niaje fundi, Likoni hapa. Nataka kuanza kujenga mdogo mdogo. Beshte wangu ameniambia simiti inaharibu dunia nitumie boriti na chokaa kama zamani. Kuna ukweli?

Poa kijana. Nusu ukweli, nusu kijiwe. Simiti kweli, karibu asilimia 8 ya hewa ya kaboni ambayo binadamu anaitoa duniani ni ya simiti, maana jiwe lenyewe likichomwa latoa hiyo hewa, na juu yake kuna moto wa tanuri wa kama nyuzi 1,450. Na sisi twalihisi zaidi, kwa sababu stima ya Kenya sehemu kubwa ni mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana, kwa hiyo uchafu wa nyumba yako uko zaidi kwenye vile ulivyojengea kuliko kwenye taa.

Lakini zamani nako kulikuwa na gharama. Chokaa ilichomwa kwa rundo la magogo, na boriti ni mikoko, ambayo kule Gazi wanakijiji tangu 2013 wauza kaboni yake ikiwa imesimama, yaani walipwa kwa kuiacha ihifadhi hiyo hewa, na pesa wajengea maji na shule. Ukiikata ujengee chumba cha mita 3 (boriti haivuki sana zaidi ya hapo) hesabu haiji. Miti ya mvinje yatosha kwa kazi nyingi, na mvinje nao una hadithi yake, machimbo ya simiti Bamburi yalikuwa jangwa la mawe meupe mpaka 1971 René Haller alipoanza kupanda mivinje, akaleta majongoo wale majani yaliyoanguka, udongo ukazaliwa, leo ndiyo Haller Park watoto wanakolisha twiga.

Kwako wewe: jenga kwa mawe ya timbo, simiti weka msingi na lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, usimwage slabu ati siku moja utapandisha. Siku moja hiyo huchukua miaka ishirini na slabu juani yakupikia ugali kichwani kila usiku. Ama tofali za udongo za kushindiliwa, simiti kidogo tu, lakini kwanza udongo upimwe, wa ufukweni ni mchanga mtupu haushikani.

Fundi, kuvuna maji ya mvua kwafaa Mombasa ama ni kupoteza hela? Bomba letu la mfereji laja mara moja kwa wiki. Mama Mshomoroni.

Kwafaa sana mamangu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, na mji huu wapata kama milimita 1,000 kwa mwaka, basi paa la mita 100 za mraba, ukitoa yanayopotea, lakupa kama lita 80,000. Shida ni kwamba nyingi zaja kwa pamoja wakati wa masika, Mei hasa, kwa hiyo pesa weka kwenye ukubwa wa tangi. Maji ya kwanza ya msimu yaache yamwagike, ni mavi ya kunguru hayo. Funika kwa wavu, mbu wa dengi hapa hawana likizo. Na tangi jeusi usiliweke ukuta wa magharibi, ukaja kuniandikia Machi ijayo kwamba maji ya kuoga yakuchoma mgongo.